Al Ain na Buraimi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matembezi katika mji wa jangwani uliokatwa na mpaka

Maswali haya huulizwa na Waswahili wanaoishi Ghuba, na na wageni wanaotoka nyumbani kuwatembelea jamaa zao. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya mtu mwenye hali yake maalumu. Kama una haraka, soma kwanza sehemu ya maji na mitende, maana bila hiyo mengine yote yatakuwa kuta za udongo na mawe tu.

## Kuujua mji

Al Ain iko wapi, na Buraimi ni nini?

Al Ain ni mji wa Umoja wa Falme za Kiarabu, ndani ya himaya ya Abu Dhabi, kiasi cha kilomita 160 mashariki ya mji mkuu na kama kilomita 130 kusini ya Dubai. Buraimi ni mji wa Oman. Ukiitazama ramani utaona ni mji mmoja uliopitiwa na mstari: nyumba za upande huu zinatazamana na nyumba za upande ule.

Zamani eneo lote liliitwa oasisi ya Buraimi, na lilikuwa na vijiji tisa vilivyoishi kwa maji yaliyotoka milimani. Sita vilibaki kwa Abu Dhabi na vitatu kwa Oman. Watu wa pande zote mbili wameoana vizazi na vizazi, na kwa muda mrefu walivuka bila kuulizwa chochote. Uzio ulijengwa miaka ya 2000.

Nikiwa Dubai, kuna haja ya kwenda huko?

Ipo. Dubai inakuonyesha nchi hii imekuwa nini. Al Ain inakuonyesha watu waliishije hapa kabla ya mafuta, tangu miaka 5,000 iliyopita. Mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza maeneo ya Hafit, Hili, Bidaa Bint Saud na oasisi za Al Ain katika orodha ya urithi wa dunia, na yalikuwa ya kwanza kutoka nchi hii. Mji wenyewe umetulia. Majengo ni mafupi, barabara zina miti, na kila baada ya hatua chache unakutana na kipilefti.

Ushauri wangu ni siku mbili na usiku mmoja. Wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni hukimbilia mlima wa Jebel Hafeet, wakapiga picha, wakarudi, na hawajaona kitu kilichoufanya mji uwepo.

Msimu upi unafaa?

Novemba hadi Machi. Mchana ni wa kutembea kwa raha na usiku unahitaji sweta. Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 45, ingawa ni joto kavu, halina jasho la kunata kama la Dubai au Dar es Salaam. Ubaya wake ni kwamba hulihisi likikumaliza maji mwilini. Faida pekee ya kiangazi ni tende, na hilo limeelezwa katika swali la kuchuma tende.

Nafikaje bila gari?

Kutoka Dubai, basi namba E201 huondoka kituo cha Al Ghubaiba. Kutoka Abu Dhabi yapo mabasi ya masafa yanayoondoka kituo kikuu. Kutoka Muscat, shirika la Mwasalat limekuwa na basi linalopita Al Ain kwenda Abu Dhabi tangu 2023. Ukishafika, tumia teksi za mita. Mji umetanuka, na vivutio havipo mtaa mmoja.

Mwenye gari atumie E66 kutoka Dubai au E22 kutoka Abu Dhabi. Zote ni barabara pana, na hatari yake ni usingizi tu, kwa sababu zimenyooka mno.

## Maji na mitende

Nianze wapi?

Oasisi ya Al Ain, katikati ya mji, saa mbili au saa tatu asubuhi. Kuingia ni bure. Ina mitende zaidi ya 147,000 ya aina zinazofikia 100, imegawanyika katika mashamba ya watu binafsi, na kati ya shamba na shamba kuna vichochoro vyenye kuta za udongo. Ukiingia tu, joto linashuka. Mitende iko juu, chini yake maembe, ndimu, makomamanga na ndizi, na chini kabisa majani ya mifugo. Mtu aliyekulia kwenye shamba la minazi la Pemba au Mombasa ataelewa mara moja anachokiona: kila mti na mwenye wake, na kila tone la maji na hesabu yake.

Pale mlangoni kuna kituo cha maelezo kilichofunguliwa 2016. Kipitie kabla ya kuingia shambani, hasa kama una watoto. Kisha tembea bila ramani. Huwezi kupotea sana, na vichochoro vya ndani, mbali na mikahawa, ndivyo vyenye ukimya.

Falaji ni nini, na inafanyaje kazi?

Ni mfereji wa maji wa kale. Hapo ndipo ilipo siri ya mji mzima, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu kidogo.

Mafundi huchimba kisima cha kwanza karibu na mlima, mpaka wayafikie maji ya chini ya ardhi. Kutoka hapo huchimbwa njia ya chini kwa chini yenye mteremko mdogo sana kuelekea mashambani, pengine kilomita kadhaa. Mteremko ukizidi, maji yatakimbia na kuzila kuta. Ukipungua, yatasimama na kujaza mchanga. Kila baada ya umbali fulani huchimbwa shimo la wima la kutolea udongo, la kuingiza hewa, na baadaye la kushukia fundi wa kusafisha. Kwa kuwa ardhi yenyewe inashuka, mwishowe njia inatokeza juu ya uso wa nchi, na maji yanamwagika kwenye mtaro ulio wazi. Hakuna pampu wala ndoo. Huko Hili wanaakiolojia wamechimbua falaji yenye umri wa kama miaka 3,000, na ni miongoni mwa za kale kabisa zinazojulikana duniani.

Kufikisha maji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyagawa. Kila shamba lina zamu yake, na zamani zamu ilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Zamu ikifika, mkulima anafungua kizibo cha mtaro wake, na wakati wake ukiisha anakifunga. Yupo msimamizi anayeaminiwa na wote. Ukiona mtaro wenye vijilango vidogo, hapo unatazama sheria na mahakama ya watu wa jangwani.

Mbona mitaro mingine ni mikavu?

Wakati mwingine ni kwamba zamu ya shamba hilo haijafika. Lakini pia maji ya ardhini yameshuka sana tangu pampu na mashamba makubwa yaingie, na falaji nyingi zimekauka. Sehemu kubwa ya maji yanayopita kwenye mitaro ya oasisi leo husukumwa kwa mashine. Inasikitisha, na ni vizuri mgeni alijue, kwa sababu mitende hii haiishi kwa kujitegemea tena. Inaishi kwa sababu watu wameamua iendelee kuishi.

Naruhusiwa kuchuma tende?

Hapana. Ni mashamba ya watu. Hata zilizoanguka, omba kwanza. Mavuno huanza Juni na kuendelea hadi Septemba, na wakati huo tende laini zisizokaushwa hujaa sokoni. Ulizia khalas, fardh na khunaizi. Miezi mingine nunua zilizokauka. Wauzaji watakuonjesha bila kukulazimisha.

Nimeiona oasisi kubwa. Zilizobaki zina tofauti gani?

Qattara na Jimi hazina msongamano. Qattara ina soko la zamani lililokarabatiwa na kituo cha sanaa ndani ya jengo la udongo, na hapo wanawake huonyesha ususi wa makuti na ufumaji. Kwa mtu anayejua ukili na mkeka, ni mahali pa kukaa nusu saa nzima akitazama vidole.

## Ngome na majumba ya kale

Ngome zote zinafanana. Niende ipi?

Kama ni moja, nenda Al Jahili. Ilijengwa miaka ya 1890 na Sheikh Zayed bin Khalifa, yule anayeitwa Zayed wa Kwanza, na ina mnara wa mviringo uliopandiana ngazi kwa ngazi, ambao picha yake ilikuwa nyuma ya noti ya zamani ya dirham 50. Ndani kuna maonyesho ya kudumu ya picha za Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyevuka jangwa la Rub' al Khali kati ya 1946 na 1948 pamoja na Mabedui. Wenyeji walimwita Mubarak bin London. Zitazame nyuso za wale waliomwongoza, maana bila wao asingevuka.

Kama ni mbili, ongeza Kasri la Al Ain, pembeni ya oasisi. Hiyo ilikuwa nyumba ya Sheikh Zayed bin Sultan, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi, mpaka 1966, na imekuwa makumbusho tangu 2001. Usitegemee dhahabu. Ni vyumba vya udongo, baraza za kupokelea watu, mazulia, mahali pa kahawa, na hema uani. Qasr Al Muwaiji, alikozaliwa mwanawe Sheikh Khalifa, rais wa pili, mwaka 1948, ni ya tatu. Maonyesho yake ya vioo ni ya kisasa zaidi.

Kwa nini ngome ni nyingi kiasi hiki?

Kwa sababu ya maji, na kwa sababu misafara iliyotoka pwani ya Ghuba kwenda Oman ya ndani ililazimika kupita hapa. Anayeishika oasisi ameshika njia.

Mgogoro wa karibuni zaidi ulikuwa mwaka 1952, pale kikosi kutoka Saudi Arabia kilipoingia Hamasa, kijiji cha upande wa Oman, na kudai eneo. Usuluhishi wa kimataifa ulivunjika, na Oktoba 1955 askari wa Abu Dhabi na Oman wakisaidiwa na Waingereza wakalitwaa tena. Mafuta yalikuwa yanatafutwa chini ya mchanga huo, na hilo linaeleza kwa nini kijiji cha mitende kikawa habari ya dunia. Abu Dhabi na Saudi Arabia waliandikiana mkataba mwaka 1974.

Kwa nini jina la Sheikh Zayed liko kila mahali hapa?

Kabla ya kuwa mtawala wa Abu Dhabi mwaka 1966 na rais wa kwanza wa Umoja mwaka 1971, aliliongoza eneo hili kwa miaka ishirini, tangu 1946, bila fedha za mafuta. Alisimamia kuchimbwa kwa falaji mpya ya Saruj na kuzisafisha za zamani, na akabadili ugawaji wa maji ili wenye uwezo wasiwauzie maskini. Wazee wa hapa wanamkumbuka kwa hilo kabla ya minara na barabara.

## Mlima, makaburi na wanyama

Jebel Hafeet (au Hafit) ni salama kupanda kwa gari?

Ndiyo. Barabara ina urefu wa karibu kilomita 12, ni pana, ina taa, na kona zake ni kama 60. Kilele kinapita mita 1,200, na mlima wenyewe umekaa juu ya mpaka. Panda saa moja kabla ya jua kuzama, tazama Oman upande mmoja na mchanga upande mwingine, kisha teremka kwa gia ndogo. Waendesha baiskeli huupanda pia, maana mashindano ya UAE Tour humaliziwa hapo mara kwa mara, kwa hiyo wape nafasi.

Chini yake ni Green Mubazzarah, bonde la nyasi lenye maji ya moto yanayotoka ardhini. Familia huja na mikeka na majiko ya mkaa. Wikendi hujaa.

Yale makaburi ya mawe ni ya nani?

Ya watu walioishi hapa kama miaka 5,000 iliyopita. Yamejengwa kwa mawe bila udongo wa kuunganishia, yana umbo la mzinga wa nyuki, na yapo mamia kwenye vilima vya mashariki ya mlima. Watafiti kutoka Denmark walianza kuyachimba mwaka 1959 na wakakuta vyungu vya mtindo wa Mesopotamia. Shaba ya milima ya Hajar ilikuwa inauzwa mbali, na vyungu vilikuja kwa njia hiyohiyo. Nenda asubuhi au jioni. Kivuli ni hicho ulichokwenda nacho.

Na Hili?

Hili ni bustani ya akiolojia kaskazini ya mji, na ndani yake lipo kaburi kubwa la mviringo la kama miaka 4,000 iliyopita, lenye upana wa mita 12. Juu ya mlango wamechongwa watu wawili kati ya choroa wawili, swala wakubwa wenye pembe ndefu. Watoto hucheza nyasini pale wakati watu wazima wanatazama mawe, kwa hiyo hakuna anayelalamika.

Nimetoka nchi yenye Serengeti. Bustani ya wanyama itaniongezea nini?

Twiga na simba waache. Nenda kwa ajili ya choroa wa Arabuni.

Mnyama huyu mweupe mwenye pembe ndefu zilizonyooka aliwindwa kwa magari na bunduki mpaka akatoweka kabisa porini mwaka 1972. Sheikh Zayed alikuwa ameshaagiza wachache wakamatwe na kulindwa, na bustani hii ya Al Ain, iliyoanzishwa 1968, ikawa moja ya mahali walipozalishwa. Leo wapo tena jangwani katika hifadhi za nchi kadhaa, na mwaka 2011 walishushwa ngazi katika orodha ya wanyama walio hatarini. Sisi tunaotoka nchi za faru tunajua uzito wa habari hiyo. Ndani ya bustani pia kuna Kituo cha Sheikh Zayed cha Elimu ya Jangwa, ambacho kinaeleza vizuri namna viumbe wanavyoishi bila maji.

Soko la ngamia ni la watalii?

Ni soko la kweli. Ngamia wa maziwa, wa nyama na wa mbio huuzwa kila asubuhi, karibu na Bawadi Mall. Vaa viatu vya kufunika, fika kabla ya saa nne. Kuna wanaojitolea kukuzungusha na kukupiga picha, halafu wakadai pesa; patana kabla, au kataa kwa upole kwa “la, shukran”. Wauzaji wenyewe ni watu wa maongezi, na wengi wametoka Pakistan na Sudan.

Tunapenda mpira. Kuna mechi?

Al Ain FC ni mabingwa wa Asia wa 2003 na 2024. Katika mechi ya pili ya fainali ya 2024 waliichapa Yokohama F. Marinos 5–1 nyumbani, uwanja wa Hazza bin Zayed, uliofunguliwa 2014 na kuzungushiwa kuta zinazofuata gamba la shina la mtende. Msimu huanza baada ya joto kupungua. Tiketi za ligi si ghali.

## Kuvuka mpaka

Naweza kutembea tu mpaka Buraimi?

Siyo kama zamani. Vituo vya katikati ya mji ni vya raia wa nchi za Ghuba. Wageni wengine, pamoja na wakazi wenye pasipoti za Afrika Mashariki, hupitia Khatm Al Shiklah, upande wa Hili. Mezyad, kusini ya mlima, ni kwa anayeelekea Ibri na Oman ya ndani.

Visa yangu ya Emirates inatosha?

Haitoshi. Oman ina visa yake, na huombwa mtandaoni kabla ya safari. Kubwa zaidi: kama visa yako ya Emirates ni ya kuingia mara moja, ukitoka imekwisha, na hutarudi Al Ain ulikoacha mizigo. Mwenye gari anahitaji bima inayofanya kazi Oman, na gari la kukodi linahitaji barua ya kampuni. Masharti hubadilika; yathibitishe wiki ya safari.

Buraimi kuna nini cha kuona?

Ngome ya Al Khandaq, iliyozungukwa na handaki, na soko lililo karibu nayo. Soko ni dogo, na linauza mboga, tende, vyungu, vikoi vya wanaume na halua. Halua ni ya Oman yenyewe, ya sufuria kubwa, zafarani na maji ya waridi, na kwa mtu wa Unguja itakuwa ladha ya Idi nyumbani. Dirham hupokewa pamoja na rial.

Nitasikia Kiswahili?

Upande wa Oman, inawezekana. Familia nyingi zilihama Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi walikwenda Oman baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Wengi wako Muscat na miji mingine, lakini ndugu wametapakaa. Mzee akikuitikia kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe, mpe shikamoo yake kamili. Upande wa Al Ain, Kiswahili utakisikia zaidi kwa vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi za ulinzi, hoteli na majumbani.

## Hali maalumu

Nina siku moja tu ya mapumziko, sina gari, na mfuko ni mdogo.

Panda basi la asubuhi mapema. Kituo cha mabasi cha Al Ain kiko karibu na oasisi, kwa hiyo ingia humo kwa miguu, kisha Kasri la Al Ain, kisha teksi fupi mpaka Al Jahili. Kula mkahawa wa Wapakistani mjini, biriani ya kushiba. Rudi kwa basi la jioni. Mlima uache kwa siku utakayopata watatu wa kuchangia teksi.

Nije na mama yangu mzee.

Mlete. Njia za oasisi zimesawazishwa na zina kivuli, na mlimani gari hufika karibu kabisa na kilele. Makaburi ya mawe yaache. Ardhi ni ya kokoto.

Mavazi na picha?

Mabega na magoti yafunikwe. Kanga au mtandio mwepesi unatosha. Usipige picha wanawake, watu binafsi bila idhini, vituo vya mpaka wala kambi za jeshi. Hilo la mpaka lina adhabu, na kuwa mgeni hakukuokoi.

Naweza kubeba miraa au dawa zangu?

Miraa ni dawa ya kulevya kwa sheria ya nchi hii, hata fungu moja. Usibebe, usimbebee mtu, usikubali kifurushi usichokifungua. Dawa zenye codeine au tramadol zinahitaji kibali kabla ya safari, pamoja na cheti cha daktari.

Nikija Ramadhani?

Saa za kufungua hubadilika na mchana mji hulala. Tembelea ngome asubuhi, pumzika, kisha toka baada ya futari. Usiku Green Mubazzarah watu hukaa mpaka karibu na daku, na ukipita na salamu utaitwa ukae, upewe kahawa na tende.